Leo Nimeshika Nyundo ya Baba

Kilifi, Alhamisi, 1985

Mawingu tangu asubuhi, na mvua haikunyesha. Nina furaha na nina aibu, sijui ipi imetangulia.

Nimeigusa kazi ya baba bila idhini yake.

Karakana yetu ya mashua, hapa chini karibu na feri, aliianzisha babu. Alikuja kutoka Lamu na tezo moja ya kuchongea mbao na kisanduku cha misumari. Baba akairithi, akataraji kumwachia kaka yangu Salim, lakini Salim bandari ya Mombasa imemteka. Sisi wanawake wa nyumba husokota pamba na kuilowesha mafuta, ndiyo kalafati ya kuzibia mianya baina ya mbao. Kuipigilia ni kazi ya wanaume. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Baba hugonga huku akisikiliza. Mwanya ulioshiba pamba hulia wazi. Usioshiba hulia kama ngoma iliyolowa. Lakini miaka arubaini ya nyundo imeyala masikio yake. Juzi, nikiwa kwenye kigogo changu nasokota, nilisikia ubao mmoja wa mashua ya Mzee Kahindi ukilia vibaya, naye baba akaupita. Mashua hiyo yashuka majini Jumamosi, na Mzee Kahindi huvua na wanawe watatu.

Ningemwambiaje baba kwamba hasikii? Nampenda mno, siwezi kumwaibisha mbele ya mafundi wake. Basi leo walipokwenda kuswali adhuhuri nikachukua nyundo, nikaitoa pamba ya ubao ule, nikapigilia mpya.

Alasiri baba akapitisha kidole gumba ubao kwa ubao, kama afanyavyo mashua ikikaribia kushuka. Pale pangu akasimama.

"Hapa si mkono wangu."

Nikainamisha kichwa. "Niwie radhi, baba. Ubao huo ulikuwa ukilia vibaya."

Feri ikapiga honi, ikaondoka na watu wake.

"Na kwengine je, mwanangu? Wapi kwengine umesikia?"

Nikamwonyesha mahali pawili. Akanipa nyundo, mafundi wakitazama. Kisha akaenda kukaa kwenye kigogo changu, akavuta kapu la pamba, akaanza kusokota.

Anasokota vibaya, maskini, mafundo matupu.

Kesho nitamfundisha.