Nyigu Amepata Dereva

Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Karakana.
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Barua yako iliyopita ilisema unaweza kuinama kuvaa viatu, ila kuinuka ni mpaka ushike meza. Naomba Mungu meza hiyo iwe imeanza kupumzika. Na kile kikohozi cha asubuhi je, kimekuacha?

Sisi hatujambo. Bibi ni mzima, ila masikio yake yanasikia anachokitaka tu. Mama amerudishwa zamu ya mchana hospitalini, kwa hiyo siku hizi tunakula pamoja. Baba hajambo kasoro goti la kushoto, nitalifikia. Mimi nimemaliza mitihani na nimefaulu yote, isipokuwa kuzungumza mbele ya darasa. Nilisimama, nikafungua mdomo, kisha nikakaa.

Sasa nije kwenye jambo uliloniagiza. Uliniandikia kwamba Baba anampenda Nyigu, gari lako la zamani, kupita kiasi, Mama hataki hata kumwona, na mimi, kwa kuwa ni msomaji, nimpime pamoja na gari jipya la daktari wa meno na kukuandikia ukweli. Ulishatia sahihi ile fomu ya kumhamishia daktari wa meno gari lako, ukaniachia mimi uamuzi wa kuitoa au kuirudisha. Sharti lako lilikuwa moja: gari lisiloendeshwa linakufa, na kama nyumbani hakuna wa kumwendesha Nyigu, basi aende. Shangazi, fomu ile ilinielemea. Niliificha ndani ya kamusi, na kila nilipotafuta neno nilikutana nayo.

Daktari mwenyewe si mtu mbaya. Mtaa mzima unamwita Tabibu Ganzi, naye anaitika. Amenunua toleo jipya la gari lile lile, kutoka kiwanda kile kile, na sasa anamtaka Nyigu amweke ndani ya chumba cha kioo pale wagonjwa wanaposubiri, na taa ndogo juu yake. Baba aliposikia habari ya taa alitoka nje.

Hilo gari jipya Bibi amelipa jina la Bwana Harusi, kwa sababu linanukia, limevaa vizuri, na kila mtu analizunguka akilitazama. Ukiwaona wawili hao kwa nyuma utajua ni damu moja: taa za duara mbili mbili, na kiuno kile kile kipana. Lakini Nyigu, kama unavyomjua, ana viti viwili tu, na amekaa chini kiasi kwamba Bibi husema yeye haingii garini, anashuka kaburini. Bwana Harusi ana milango minne, kiyoyozi, skrini kubwa kuliko ubao wa Mama wa kukatia mboga, na viti vya ngozi vinavyopasha mgongo joto. Hapo nilikukumbuka, nikaandika alama kamili.

Tuliwapima jana asubuhi, kwenye ule uwanja wa lami wa kiwanda cha nguo kilichofungwa, unaopakana na karakana ya Baba. Mama alishika saa ya simu. Mimi nilikuwa na chaki na daftari: ukurasa wa kulia wa Bwana Harusi, wa kushoto wa Nyigu. Bibi alikuja kwa kuwa hakuna aliyemwambia asije.

Bibi ndiye aliyetangulia kukaa ndani ya Bwana Harusi. Kabla hajatulia, sauti ya mwanamke ikamwambia afunge mkanda.

"Nani huyo?"

"Ni gari, Bibi," daktari akasema.

"Liambie nimezaa sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisemesha kabla ya kunisalimia."

Baba naye aliomba aoneshwe injini. Boneti ikafunguliwa, tukaona mfuniko mmoja mkubwa mweusi na hakuna kingine. "Injini yenyewe iko wapi?" akauliza. Daktari akasema iko chini ya hapo. "Inaona haya?" Wote walicheka. Mimi niliionea huruma kidogo, maana ugonjwa huo ninaujua.

Lakini mzaha ulipokwisha, Shangazi, Bwana Harusi alifanya kazi. Kutoka kwenye tangi la maji hadi getini alitumia sekunde kumi na moja. Alipokanyagwa breki kwenye mstari wa chaki alisimama baada ya nyayo thelathini na mbili, nilizipima mwenyewe, na kahawa ya daktari haikumwagika. Nilikaa kiti cha nyuma na kitabu, nikasoma kurasa nne bila kupoteza mstari. Ukurasa wa kulia ulijaa.

Ikafika zamu ya Nyigu. Tulikuwa tumemsukuma kutoka karakana. Injini yake haina neno, Baba huiwasha kila wiki, lakini tangu goti lake lipasuliwe, sasa ni mwezi wa kumi na sita, hajamtoa barabarani. Alisema ataweza. Aliondoka na gia ya kwanza vizuri kabisa. Alipokanyaga klachi aingize ya pili, mguu ulitetemeka, gari likasimama. Alishuka akiwa ameshikilia mlango, akasema amesahau spana. Hakuna aliyemuuliza spana ya nini.

Daktari akajaribu. Kwanza alitafuta kitufe cha kuwashia, akawasha wipa. Kisha gari likamzimikia mara tano, na mara ya tano liliruka kama chura, miwani yake ikaruka nayo.

"Lina pedali tatu, na mimi nina miguu miwili," alisema akishuka. "Ndiyo maana mahali pake ni ndani ya kioo."

Mama hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka na jua. Alisema, "Basi, mwanangu, andika kwamba hakuna dereva, twende tukale." Nikatazama daftari. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na jina tu.

Hapa, Shangazi, lazima nikuungamie jambo. Unazikumbuka barua zako saba, zile ulizoanza kuniandikia nikiwa na miaka kumi na minne, ukinieleza jinsi ulivyokuwa ukimwendesha Nyigu? Nadhani ulifikiri nazisoma kama hadithi. Mimi nilizisoma kama masomo. Niliweka kiti stoo, kandambili tatu sakafuni mahali pa pedali, mfuniko wa sufuria kubwa mahali pa usukani, na mwiko niliousimamisha ndani ya kopo la mchanga mahali pa gia. Kwa miaka mitatu, Mama akidhani nimejificha kusoma, mimi nilikuwa safarini. Nimekutembelea mara nyingi bila wewe kujua.

Nikasema, "Nitaendesha mimi." Sauti haikutoka. Nikasema tena, ikatoka kidogo. Mama na daktari walikuwa wakizungumza, lakini Bibi, mwenye masikio yale, akainua fimbo.

"Kasuku ameongea. Mpisheni!"

Unajua aliniita Kasuku kwa sababu siongei. Jana alilitamka jina hilo bila kucheka.

Baba akanipa ufunguo na kukaa kiti cha pembeni. Niliwasha. Nikaachia klachi, gari likazimika. Nikamsikia daktari akishusha pumzi nje ya dirisha, nikainama kuitazama miguu. Kisha nikaikumbuka barua yako ya nne: "Usiitazame miguu. Miguu si kitabu." Nikainua macho, nikatazama geti.

Nikaachia klachi polepole, kama unavyotoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala, maneno yako hayo, barua ya pili. Nikamsikia Nyigu akijivuta, akiinua pua kidogo. Akaondoka! Gia ya pili iliingia kwa mkwaruzo mdogo, nikaomba radhi kwa sauti, sijui nilikuwa namwomba nani. Ya tatu iliingia yenyewe kama iliyokuwa ikinisubiri. Ule mlio ulioufananisha na nyigu ndani ya chupa ukapanda hadi ukajaa kifuani, na kila kokoto nililolipita nilisalimiana nalo kwa viganja. Nilipiga kelele, Shangazi. Mimi! Mama anasema sauti ilifika karakana.

Nilipobadilisha gia niliona kwa pembe ya jicho mguu wa kushoto wa Baba ukikanyaga pamoja nami, pale ambapo hapakuwa na pedali yoyote.

Tulifika getini kwa sekunde kumi na tano. Nikarudia, zikawa kumi na nne. Breki zilichukua nyayo arobaini na tano. Usukani ni mzito, ndani kuna joto la jiko, na Bibi alipoketi baada ya Baba ilibidi watu wawili wamtoe. Ukweli ulioniomba ni huu: Bwana Harusi ni bora kwa kasi, kwa breki, kwa mvua na kwa migongo. Kama Mama atataka gari la kumfikisha kazini bila kutoka jasho, amchukue huyo na asigeuke nyuma. Ndani yake nilisoma kurasa nne. Ndani ya Nyigu sikukumbuka kwamba duniani kuna vitabu.

Na ukurasa wa kushoto umejaa, hadi pembeni.

Daktari alikuja kunipa mkono. Akauliza nani alinifundisha, nikamwambia Shangazi. Alikuja lini? Nikamwambia hajaja, aliandika. Akafuta miwani, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama yangu kama anaweza kuzisoma hizo barua. Nilizinakili zote saba jana hiyo hiyo. Zako halisi sikumpa.

Leo baada ya chakula Mama alimpeleka Bibi kwa daktari huyo, jino lilimuuma ghafla. Wamerudi sasa hivi, Mama hajaacha kucheka. Walimkuta amejilaza kwenye kiti cha wagonjwa, ameshika sinia la vyombo vyake kwa mikono miwili kama usukani, kandambili tatu zimepangwa mbele ya miguu. Bibi alimwambia asiitazame miguu. Ndani ya kile chumba cha kioo, daktari anasema, ataweka samaki.

Fomu yako iko ndani ya bahasha hii pamoja na kurasa zangu mbili. Sijaichana. Sahihi ni yako, na raha ya kuichana nimeona si haki nikuibie. Mwezi ujao, nikitimiza miaka kumi na minane, Baba ananipeleka kuomba leseni. Goti lake anasema halimuumi akikaa pembeni yangu, sijui kama ni kweli lakini analisema kila saa.

Wasalimie binamu zangu mapacha, na yule jirani yako anayekusomea ukipoteza miwani. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu na anasema bado hampendi Nyigu, ila amenitafutia turubai jipya la kumfunika. Bibi anakushonea mto wa kiti, kwa kuwa Nyigu hapashi mgongo joto, na anauliza utakuja lini kuukalia.

Mungu akulaze salama na akuamshe bila kushika meza.

Mimi wako nikupendaye sana,
Kasuku,
dereva wa Nyigu