Maji ya Moto ya Wifi

Ruhuwiko, Songea
Jumanne, 3 Juni 2025. Asubuhi ukungu na baridi.

Mwanangu Noela,

Hujambo huko Tunduru? Wajukuu wazima? Mimi naendelea, isipokuwa goti. Naandika kwa sababu simu anayo shangazi yako Leticia, kila anayepiga anaambiwa, "Mgonjwa amepumzika."

Leo ni wiki ya saba tangu niwekewe goti la bandia. Napima kwa kipimapembe chako cha shule. Tarehe 20 Mei lilikunjika nyuzi sabini na tano. Jana, sabini. Linarudi nyuma! Daktari amesema tarehe 16 nisipokaribia tisini, nitarudishwa chumba cha upasuaji, nipigwe nusu kaputi, walikunje kwa nguvu. Sitaki kuingia tena mle.

Nashinda kitandani, na usingizi sipati.

Mama yako


Tunduru, 5 Juni

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Sabini imenishtua. Nieleze siku yako nzima, usiache kitu. Shangazi anakufanyia nini?

Mwanao Noela


Ruhuwiko, 7 Juni. Manyunyu, upepo.

Marahaba mwanangu,

Saa moja asubuhi, maji ya moto. Anachovya taulo, anakamua, anakanda mpaka jasho linamtoka, kama alivyonikanda nilipokuzaa. Kisha mto chini ya goti. "Usisogee, wifi, mshono utaachia." Wanajumuiya wakija kusali, nimelazwa kama bibi harusi. Jioni, maji tena. Usiku goti limevimba, linapwita.

Mama yako


Tunduru, 9 Juni

Shikamoo Mama,

Pole sana. Mwambie aache, leo hii! Nimemwuliza Shamimu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa kwetu. Goti lililovimba hukandwa kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mto uondoke. Buruta kisigino kitandani kuja kwako, mara kumi, mara nne kwa siku. Ukishindwa kumwambia, nitamwambia mimi.

Mwanao Noela


Ruhuwiko, 17 Juni. Ukungu, kisha jua.

Marahaba mwanangu,

Hatujambo, na usinilaumu kwa kimya. Nilishindwa. Mtu amefunga nyumba yake Mbinga, kahawa inaivia mtini, nimwambie mikono yake inanidhuru? Nilijifungia nikidai nasali rozari, kumbe naburuta kisigino.

Jana nilimwomba tuingie wote kwa daktari. Rupert wa mazoezi akapima: sabini na nane. Akauliza kama nyumbani tunakanda.

"Mara mbili kwa siku," wifi akajibu kwa fahari, "tena maji yanayochemka!"

Rupert akamweleza kwa upole kwamba moto ndio unaolivimbisha. Tulipotoka akanigeukia.

"Kumbe nimekuwa nakupika, nawe unaniangalia tu?"

"Ningesemaje, wifi?"

"Ungesema, 'Unaniumiza.' Miaka arobaini bado unanionea aibu?"

Tulipofika nyumbani nilidhani atafunga mizigo.

Daktari ametuongezea wiki mbili, za mwisho. Chumba kile bado kinaningoja, na moyo hautulii. Asubuhi hii alikuja na barafu za watoto za kulamba kutoka kwa jirani. Kisha akashika mwenyewe kisigino changu, anahesabu kwa sauti inayofika barabarani. Mara ya nane nikapiga kelele, "Wifi, unaniumiza!"

"Ndiyo hivyo, sema," akajibu, akaendelea kuvuta. "Tisa!"

Tulipopima, nyuzi themanini na mbili. Saa nane na robo mchana usingizi ukanichukua wenyewe.

Mama yako