Upana wa Munyororo wa Kifaru

Liège, 12 mwezi wa tatu 2000

Yaya Kavugho mupenzi,

Salamu nyingi toka huku kwa baridi. Mimi niko muzima, kikohozi tu kinanisumbua asubuhi. Unaamkaje? Watoto wanasoma, ao masomo imefungwa tena juu ya vita? Na Papa? Tangu Mama alipotuacha sijapata neno lake hata moja, ni wewe tu, dada yangu, unaandika.

Bon, nikueleze jambo, na usinicheke. Kila jumamosi ninaenda katika sale ya paruasi moja, ukumbi wa kanisa. Wazungu wazima, wenye ndevu, wanapanga meza kubwa, milima ya karatasi na vifaru vidogo vya plastiki, na wanacheza upya vita vya zamani. Wanatupa dadu, wanabishana mpaka mishipa ya shingo inatoka. Mimi nilienda juu ya kahawa ya bure, nikabaki. Sasa wamenipa kazi katika gazeti yao: ninapewa boiti yenye vipande vya kifaru cha kuunganisha, ninakiunganisha, kisha ninaandika kama iko muzuri ao mubaya.

Hii ya sasa ni T-55, vipande sabini na vinne. Plastiki iko laini, inakatika vizuri, lakini kichwa hakiingie katika tundu yake, nimekisugua mpaka vidole vikawaka moto. Shida kubwa ni magurudumu. Wameyapanga kwa nafasi sawasawa, na mimi ninaona si vile. Nasikia huko kwetu vifaru vya aina hiyo viko. Umwombe Papa atazame kwa mbali, ahesabu. Mutu aliyeshona makoti miaka arobaini, jicho yake haidanganye.

Mudogo wako,
Liévin


Kisangani, 9 mwezi wa nne 2000

Mudogo wangu Liévin,

Jambo sana. Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Kwa kikohozi kunywa tangawizi, usingoje dawa ya Wazungu. Masomo inaendelea, inasimama, inaendelea.

Ee Liévin! Miaka makumi tatu na ine, unacheza na vifaru! Huku tukisikia kelele yake kwa barabara, watoto wanaingia chini ya kitanda bila kuambiwa, na ndugu yangu anavipaka rangi. Nilitaka kuchana barua. Lakini unajua nyumba hii: Papa anaona mbali lakini maandishi haoni tena, barua ninasoma mimi kwa sauti, yote, toka tarehe mpaka jina. Kuruka neno, anasema, ni kuiba.

Basi nikasoma. Na Papa akacheka! Tangu maziko ya Mama sikuwa nimeona meno yake. Akauliza: "Wazungu wanamuuliza mutoto wangu?" Kesho yake akanyoa ndevu, akavaa koti ya misa, akaenda mpaka karibu na daraja ya Tshopo. Alirudi na njaa, akamaliza sahani mbili za lituma, mutu ambaye nilikuwa ninambembeleza kwa kijiko. Anakuambia hivi: magurudumu ni tano kila upande. Nafasi kubwa iko kati ya ya kwanza na ya pili, zingine zinafuatana karibu karibu. Na rangi si kijani kama unavyoifikiri, ni kijani iliyochakaa, imekula vumbi nyekundu.

Sasa anasema jicho ni ya kukadiria tu, fundi wa kweli anapima. Ninaogopa. Wale askari wageni, majeshi ya nchi mbili za jirani, wako pande mbili, wanatazamana vibaya, na mutu anayezunguka vifaru vyao wanamuita mupelelezi. Donc ninakuomba: mwandikie kwamba inatosha. Mimi hanisikie. Wewe atakusikia.

Yaya wako,
Kavugho


Liège, 7 mwezi wa tano 2000

Yaya Kavugho, na Papa anayesikiliza,

Habari za huko? Kikohozi kimeisha, tangawizi imeshinda, asante yaya. Barua yako nimeisoma mara nne. Papa kunyoa ndevu juu yangu! Miaka kumi na moja niko huku, hakuwahi kuuliza ninafanya nini.

Papa, sikiliza nilivyoandika katika gazeti, ninakutafsiria: "Boiti hii itamufaa mwenye kucheza, haitamufaa mwenye kujua. Kichwa kinahitaji uvumilivu na magurudumu imepangwa vibaya. Anayetaka ukweli asogeze gurudumu la kwanza mbele. Haya tumeambiwa na Bwana Timothée, fundi wa nguo wa Kisangani, aliyekiona kifaru chenyewe." Jina lako, Papa! Wazee wa klabu walisimama wakapiga makofi.

Yaya aliniomba niseme inatosha. Basi ninasema: inatosha. Lakini siku moja, kama askari wako na roho nzuri na hakuna hatari, upana wa ule munyororo unaozunguka magurudumu ungenisaidia. Huo tu, Papa, kisha basi kabisa.

Mutoto wako, mudogo wako,
Liévin


Liège, 14 mwezi wa sita 2000

Yaya,

Leo siwezi salamu ndefu. Redio inasema Kisangani imepigwa siku sita, mabomu yameanguka kwa nyumba za watu. Simu haipite. Mko wapi? Kama barua yangu ya mwezi wa tano haijafika, ikifika uichome. Usimsomee Papa. Ninakuomba, yaya.

Mudogo wako,
Liévin


Kisangani, 27 mwezi wa nane 2000

Liévin,

Salamu. Mimi niko, watoto pia wako. Jemima aliumia mukono, unapona. Ukuta wa jikoni haupo tena. Papa amekufa.

Barua yako ililetwa na Soeur Colette, mutawa wa misioni, jumamosi, tarehe tatu ya mwezi wa sita. Ingekawia siku mbili tu tena! Nilikaa mulangoni nikasoma. Nilipofika pale pa munyororo, niliona maneno kabla ya kuyatamka. Nilikuwa na wakati, Liévin. Ningeruka mpaka "mutoto wako" na kukunja karatasi. Lakini Papa alikuwa amesogeza kiti, anatabasamu, anangoja. Nikasoma.

Jumatatu asubuhi alichukua mita yake ya kushonea. Nilimshika koti. Aliniambia, "Kavugho, acha. Mutoto ananingoja." Vita vilianza yeye akiwa kule. Siku sita tulilala sakafuni, na mimi nilihesabu mabomu ili nisifikiri. Walipoacha, jirani Yakubu alimukuta katika mufereji, si mbali na daraja. Tulimuzika nyuma ya nyumba kama watu wote wa avenue yetu, kufika makaburini haikuwezekana.

Mita ilikuwa mukononi. Kwa sentimita makumi tano na nane alikuwa amechoma pini, vile alivyokuwa anaweka alama ya kiuno cha mutu. Basi, upana wako ndio huo. Nimekuandikia kwa sababu yeye aliufuata. Sitaki uuchapishe mahali popote.

Nimekukasirikia. Mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi.

Kavugho


Liège, 30 mwezi wa tisa 2000

Yaya Kavugho,

Sijui nikusalimie namna gani. Hukuandika "yaya wako". Nimeona, na ni haki yako.

Sikuweza kuja kuweka hata kiganja kimoja cha udongo. Nimelia njiani, nimelia kazini, mukubwa wa depo akanirudisha nyumbani. Kuna kitu nimeficha, na kama sitakisema kitaniua. Siku nilipoomba ule upana, gazeti lilikuwa limekwisha kutoka. Nililishika mukononi nikikutafsiria. Hakuna mutu aliyetaka upana. Mimi pia sikuutaka, yaya. Nilitaka tu Papa apate sababu ya kunijibu tena. Ningeweza kumuuliza bei ya samaki, ao namna Mama alivyokuwa anapika pondu, na angenijibu. Mimi, mupumbavu, nikamutuma kwa kifaru.

Kwa hiyo usijikasirikie. Wewe ulisoma tu kilichoandikwa. Mwenye kuandika ni mimi.

Siendi tena kule jumamosi. Nisamehe. Kama huwezi, unitukane, lakini uandike.

Mudogo wako,
Liévin


Liège, 18 mwezi wa kwanza 2001

Yaya,

Heri ya mwaka mupya, wewe na watoto. Mukono wa Jemima unaendeleaje?

Soeur Colette amenitumia habari. Anasema barua yangu alikupa mukono kwa mukono kabla ya Noeli. Uliisoma umesimama, ukaitia ndani ya kitambaa, ukaendelea kufua nguo. Alikuuliza kama kuna jibu, ukamwambia maji inapoa.

Sikuharakishe. Lakini kila siku ninashuka kwa sanduku la posta, hata siku ya mungu, wakati posta imefungwa na ninajua. Kama maneno hayako, tuma bahasha tupu, uandike tu jina langu juu yake. Nitauona mukono wako, nitajua bado niko na yaya.

Mudogo wako, kama bado,
Liévin