Jina Moja kwenye Bango la Wawili

Kolwezi, Jumapili mchana

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Siku ile uliponiambia linakuuma ukipanda mlima wa kanisani, simu ikakatika papo hapo, nikabaki na hilo neno "linauma" sikioni wiki nzima. Niandikie ukweli, usinifiche: unatembea mwenyewe au unashikwa mkono? Na mahindi ya bondeni, nyani wamekuachia chochote? Sisi huku wazima. Jofrey amepona malaria, amerudi shule, na Kifaransa chake sasa kinanishinda. Shemeji yako yuko barabarani na lori lake la shaba. Mara ya mwisho alipiga akiwa kwenye foleni ya mpakani, siku ya tano, amechoka hadi sauti. Barua hii itabebwa na dereva mwenzake mpaka Tunduma, kisha itapanda basi kuja huko Kasulu.

Ninakuandikia badala ya kupiga kwa sababu nina jambo ambalo nikilisema kwa simu nitalisema nusu, ile nusu inayonipendeza. Limenitia hasira mwezi mzima.

Unamjua kwa jina Mama Kapinga, yule ninayekutajia kila mara. Miaka sita tumepika naye kando ya barabara ya lami, mimi na pilau yangu, yeye na bukari, ndio ugali wa huku, pamoja na matamba, yaani kisamvu kilichotwangwa hadi kinateleza chenyewe kooni. Watu wake ni wa Kasai, mkoa wa mbali na hapa. Babu yake aliletwa huku kuchimba shaba, na yeye kazaliwa hapa hapa Kolwezi. Wateja wetu ni madereva wa malori, vijana wachimbaji wanaotoka mashimoni na vumbi hadi kwenye kope, na watu wa ofisini wanaokula wamesimama ili wasionekane wana njaa. Mwaka huu tumepanga chumba kilichokuwa duka la simu. Tuna meza, tuna viti, tuna jiko nyuma na mahali pa kunawia. Watu wakaanza kutuita mgahawa, na mimi nikaanza kuvaa viatu vya kufunika vidole.

Tulipungukiwa kitu kimoja, taa za mlangoni. Kulia kwetu kuna duka la dawa lenye msalaba wa kijani unaowaka. Kushoto kuna baa yenye taa za rangi zote. Katikati sisi tulikuwa kama jino lililong'oka. Jua likizama, madereva walitupita bila kugeuza shingo.

"Mama Jofrey," Mama Kapinga akaniambia, "tutafute bango ya kuwaka. Chakula itaozea mu nyungu."

Tukaenda kwa fundi mmoja mjini anaitwa Trésor, kijana mpole mwenye ukuta mzima wa mifano ya mabango. Hapo ndipo adha yangu ilipoanza, dada. Kwanza alituuzia yale maandishi mekundu yanayotembea. Tukayafunga, yakatembea vizuri, lakini maandishi yenyewe yalikuwa ya Kichina, na Trésor hakujua namna ya kuyabadilisha. Kila siku aliniambia, "Mama, kesho." Siku ya pili akaingia fundi mmoja Mchina wa mgodini, akatazama huku na huku, akauliza matairi yako wapi. Kumbe mlango wetu ulikuwa unatangaza matairi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukarudisha, tukachukua sanduku la plastiki nyeupe lenye taa ndani. Hilo liliwaka siku tatu. Umeme wa huku, Yustina, ni kichekesho cha kukuliza. Nyaya nene zinapita juu ya mapaa yetu kwenda migodini, zinavuma kutwa kama nyuki, na chini yake sisi tunatafuta mishumaa. Siku ya nne umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Ndani ya sanduku kukasikika pa! Moshi ukatoka, na wateja wakatoka.

"Hiyo haiko makosa yangu, Mama," Trésor akasema. "Ni courant."

"Na huo umeme ni wa nani, wangu?"

"Ni ya Mungu, Mama."

Ungemfanya nini mtu kama huyo? Mwisho akatushauri herufi za kukata, kila moja na taa zake ndogo ndani, zikipata nguvu kutoka kwenye betri ya jua. Hizo, alisema, umeme wa barabarani hauzigusi, na vumbi unalifuta kwa kitambaa. Lakini kila herufi inalipiwa peke yake, kwa hiyo tutafute jina fupi.

Jina! Hatukuwa nalo. Kila nilipomuuliza Mama Kapinga tuuite mgahawa nani, alisema "Tutaona," akageukia sufuria. Nikapendekeza Kigoma, akasema tutaona. Nikapendekeza majina yetu sote wawili, akasema chumvi imepungua. Mimi nikachukulia ni uzito wa kuamua. Nikachoka. Nilikuwa nimekwenda kwa yule fundi mara nyingi hata mbwa wa pale alikuwa habweki tena akiniona.

Wiki hiyo Mama Kapinga akasafiri kwenda Lubudi kununua unga, maana kule mahindi ni mazuri kuliko haya ya sokoni. Siku ya Jumanne nikaenda kwa Trésor, nikamkuta anakata plastiki.

"Mama Jofrey, plastiki iko mu mashini. Sema jina, ao nakata ya batu bengine."

Nikajaribu kumpigia Mama Kapinga, hapatikani. Nilijaribu mara moja tu, nakuambia ukweli.

"Andika *Chez Zawadi*," nikasema, yaani Kwa Zawadi. Neno lilitoka haraka kuliko nilivyotegemea, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

Trésor akanitazama. "Na ule mama mwenzako?"

"Yeye hana neno," nikamjibu.

Alhamisi bango likafungwa. Lilikuwa zuri, dada, sitakudanganya. Herufi nyekundu, kubwa, jina alilonipa baba likiwaka kwenye barabara ya Kolwezi. Nilisimama ng'ambo ya lami kulitazama kama bibi harusi anayetazama picha yake mwenyewe. Na hapo ndipo gari la Lubudi likasimama, na Mama Kapinga akashuka kutoka juu ya magunia.

Akainua macho. Akasoma. Akasimamia kushushwa kwa unga, gunia kwa gunia, akahakikisha yamepangwa juu ya mbao yasiguse sakafu. Akanawa mikono. Akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Bunga iko mu jikoni," akasema. "Mi narudia ku nyumba."

Siku nne nilipika peke yangu. Mimi na matamba! Dereva mmoja alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini kwa adabu, akauliza, "Mama Kapinga ni mugonjwa?" Wengine hawakuuliza, waliagiza soda na kuondoka. Nilimkasirikia Trésor, nikaukasirikia umeme, nikamkasirikia Mama Kapinga kwa kununa kama mtoto. Nikajiambia tatizo ni jina lake tu, basi tuliongeze. Nikamchoresha Trésor karatasi nzuri: ZAWADI NA KAPINGA. Jumatatu asubuhi nikaibeba kwenda nayo kwake.

Anakaa kwenye zile nyumba za matofali za wafanyakazi wa zamani wa mgodi. Nilimkuta uani anamenya karanga.

"Karibu, ikala," akasema bila kuinua kichwa.

Nikaketi, nikafungua karatasi. "Nimekuja na jina lako. Litakaa pamoja na langu, kwa herufi zilezile."

Akaitazama. "Nani alikuambia mi nataka jina yangu ipande pale?"

Akaendelea kumenya, na akasema akiwa anamenya.

"Tata yangu alikuwaka fundi ya biatu. Aliandikaka jina yake ku mulango, na rangi, makubwa. Mi nilikuwa mutoto ya miaka saba. Ile wakati balisema batu ya Kasai barudie kwabo. Kwabo wapi? Tata alizaliwaka hapa, kama miye. Balikuya, balisoma mulango, baliingia."

Wenyeji waliwafukuza nyumbani, wakalala kwenye stesheni ya treni pamoja na mamia ya watu, wakingoja behewa la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo baba yake hakuwahi kuiona. Wiki baada ya wiki, mvua ikiwanyeshea. Mdogo wake wa kiume alizikwa karibu na reli. Walirudi Kolwezi baada ya miaka mingi, na baba yake akashona viatu tena mpaka kufa kwake, ila hakuandika tena jina lake mahali popote, hata kwenye baiskeli.

Hebu fikiria, Yustina. Miaka sita nimekaa na mtu huyu jiko kwa jiko. Najua anavyokata kitunguu. Najua mguu upi humuuma mvua ikikaribia. Hili sikulijua. Na badala ya kunyamaza, hasira ikanipanda.

"Sasa kwa nini hukuniambia? Ningejuaje?"

"Ungeningoja siku mbili." Akaweka karanga chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mi sikasirike juu ya jina. Iandike jina yako, ni muzuri. Nilipita kwa Trésor, nilimuuliza juu ya nini hamukunipigia. Akasema, mwenzako alisema weye hauna neno." Akajigusa kifuani. "Mi niko na maneno, Mama Jofrey. Mingi."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisogeza bakuli la karanga katikati yetu, na tukamenya mpaka zikaisha. Ndipo akauliza matamba niliyapikaje siku hizo nne. Nilipomweleza, akafunika uso kwa mkono. "Haa! Bateja batakufa."

Keshokutwa yake tulikwenda kwa Trésor pamoja, na dada, kuchagua na yeye ni adhabu ya pekee. Nyekundu hataki, anasema ni ya baa. Kijani ni ya dawa. Buluu inafanya nyama ionekane imeoza. Tulimaliza asubuhi nzima, Trésor ameshika kichwa, tukatoka na njano. Na maneno aliyachagua yeye. "Mutu wa njaa hasomi jina ya mutu," alisema. "Aandike chakula." Basi ikawa PILAU NA BUKARI. Trésor alikataa kuzichukua zile herufi zangu nyekundu, lakini alikubali kuzipaka njano A mbili na ile I, zikaingia kwenye kazi mpya.

Ila ningekuwa nakudanganya nikisema mambo yamenyooka. Mama Kapinga sasa ananiuliza kila jambo, kwa makusudi. Tununue mkaa? Tufunue sufuria? Ananiuliza mbele ya wateja, na mimi namezea. Na Trésor, asante kwake, plastiki imemwishia katikati ya kazi. Nyingine inatoka Lubumbashi, na kila siku ni "Mama, kesho." Kwa hiyo tangu Alhamisi mlango wetu unawaka PILAU NA, basi, nusu ya ukuta ni mashimo ya misumari. Nilitaka tuzime mpaka imalizike, nikamuuliza kwanza, akasema iwake.

Jana mchana akaingia dereva mmoja wa kwetu, mcheshi, akasimama mlangoni akisoma kwa sauti. "Pilau na... Pilau na nani jamani?"

Kutoka jikoni, katikati ya mvuke, Mama Kapinga akajibu, "Na miye!"

Mgahawa mzima ulicheka. Nilichungulia jikoni, nikamkuta na yeye anacheka, ameegemea mwiko wa bukari, machozi yanamtoka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu aende Lubudi.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie kitenge chake nimekipata, kinangoja mtu wa kukileta. Msalimie kaka Gaspari mwenye duka la baiskeli, na wifi yetu Editha, na yule mjomba anayesema mimi nimepotelea Kongo. Mwambie nimepotea, lakini nala vizuri. Goti lipakwe mafuta ya moto kila jioni, usilione haya.

Mama Kapinga naye anakusalimu sana. Nilimuuliza kwanza kama niandike jina lake humu na habari ya baba yake. Alifikiri mpaka maji yakachemka, akasema niandike yote.

Ni mimi mdogo wako, ninayekukosa kila chakula kinapoiva,

Zawadi