Sekunde Nne za Barabara Kavu

Mpendwa yaya, mkubwa wangu,

Ni mimi, mdogo wako uliyemfundisha fizikia kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, mwaka ule wa mtihani wa taifa. Ulisema muda wa kusimama hauna uchawi: chukua mwendo, gawanya kwa kiasi ambacho breki zinaupunguza kila sekunde. Gari likienda mita ishirini kwa sekunde, na breki zikipunguza tano kila sekunde, linasimama baada ya sekunde nne. Nilifaulu kwa sababu yako. Leo nafundisha somo hilo hilo, na wanafunzi wananiita madame.

Unakumbuka mchezo wako na baba? Ulikuwa unamjia mbio na kinga yake, ile baiskeli kuukuu, unafunga breki mbele ya vidole vyake. Hakuwahi kusogea. Alicheka tu, akisema, "Huyu mutoto anajua kupima."

Ulipopewa gari la kazi, ulitupigia simu tukusubiri kwenye barabara ya Kipushi. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Tulipokuona unakuja, baba alinigusa bega. "Angalia yaya yako," akasema, akaingia barabarani. Ulikuja moja kwa moja. Mimi niliruka mtaroni. Yeye alibaki amesimama.

Kwenye kilio, msibani kwa baba, uliwaambia watu kwamba breki zilikatika. Fundi alizikagua, akakuta ziko nzima. Hesabu uliijua, yaya. Ulifunga breki mahali pa sekunde nne za barabara kavu, mita arobaini kabla ya kumfikia baba, na lami ilikuwa imelowa. Tuseme zilipunguza nusu tu: ulihitaji sekunde nane. Basi ulimfikia baba ukiwa bado na zaidi ya theluthi mbili ya mwendo wako. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi. Haikuhurumii, na mimi pia sikuhurumii.

Mama alikuwa anakuombea kila asubuhi, akizilaumu breki. Jumapili nilimweleza yote. Alimaliza kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, akanawa mikono. Nikamwambia umeuliza kama unaweza kutoka huko Kipushi uje siku ya kumaliza kilio.

"Akuye," alisema. "Lakini akuye na miguu."

Vaa viatu vigumu, yaya; gari uliache huko. Uondoke alfajiri.

Mdogo wako wa kike