Jina la Mama Athanasie

Goma, mtaa wa Mapendo

Yaya Charline, dada yangu mukubwa,

Huku tungali tunapumua, na mutoto wangu Élodie ameanza kutembea. Makala yangu juu ya wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya imekubaliwa kwenye mkutano wa chuo kikuu kule Kampala, ila wanataka nifiche majina ya wote niliowahoji, kwa usalama wao.

Nilimwambia Mama Athanasie, mumoja wao. Akaniuliza: "Mutoto wangu Niyibizi alikimbilia Kampala, tukapotezana. Ukificha jina langu, atajua namna gani kama ningali muzima?"

Yaya, waliochoma nyumba yake nao wanajua kusoma. Jana nilituma makala, jina lake likiwa ndani. Leo sijui kama nilimusaidia ao nilimuuza.

Mudogo wako,
Émérance