Mraba wa Mama Noi

Jumatatu, 6 Machi 2017
Mafuta kwenye mashine ya kudarizi, chai, redio. Kama kawaida. Kazi mpya: aproni za Mama Noi, Mtailandi anayefungua mgahawa Jumapili hapa hapa Troyeville. Anataka herufi moja kifuani, ya kwanza katika jina la marehemu mama yake. Kaniuliza kama naziweza herufi za kwao. Nikamwambia niliwahi kudarizi joho la chifu mpaka ng'ombe wake wakapiga magoti. Kanitumia kwa barua pepe. Nimefungua kwenye kompyuta. Mraba mtupu. Herufi nyepesi kweli. Watu wa mbali hawana makuu.

Jumanne, 7 Machi
Aproni zote tayari. Miraba imenyooka kama imepigwa rula. Joburg nzima hakuna mkono kama huu, wallahi. Kasongo, Mkongo tunayegawana naye chumba cha kazi, yeye anachapa fulana upande wa dirishani, kapita nyuma yangu akasimama. Huniita Vieux, yaani mzee kwa Kifaransa chao.
"Vieux, ile si herufi. Ni sanduku tu."
Akacheka. Sikukipenda kicheko kile. Yake hana ya kutazama?

Jumatano, 8 Machi
Mama Noi katuma jina zima la mgahawa, la bango la mlangoni. Miraba. Miraba mfululizo, yote sawa. Lugha gani ina herufi moja? Hapa pana mkono wa mtu. Jana nilitoka kununua nyuzi, Kasongo akabaki peke yake na kompyuta yangu. Na majuzi alikuwa anaulizia mashine ya kudarizi. Anamtaka mteja wangu. Nimebadili neno la siri. Hata shetani halikisii.

Alhamisi, 9 Machi
Kasongo ana maelezo. Ati kompyuta haibebi mchoro wa herufi, inabeba namba. Hii ya Mama Noi ni 0E01, dunia nzima imekubaliana hivyo. Kompyuta isipokuwa na fonti yenye mchoro wa namba hiyo, inaweka sanduku. Nikamwambia hiyo ni namba ya gari.
"Vieux, fungua basi nikuonyeshe."
Fungua! Wezi wote ndivyo wanavyobisha hodi. Chakula cha mchana nimekula nimeipa kompyuta mgongo, nikiilinda.

Ijumaa, 10 Machi
Fordsburg, peke yangu, bila kumuaga. Duka la intaneti ambalo hawamjui Kasongo wala ukoo wake. Mraba nimeubeba kwenye flashi. Nimefungua mwenyewe.
Mraba haupo. Kuna kitu kama kuku anayetazama pembeni, kamdomo mbele, miguu miwili. Nikachomoa flashi, nikarudisha. Kuku. Kwa hiyo namba ilikuwemo muda wote, kompyuta yangu ndiyo haikujua kuichora.
Eish. Mama wa watu nimemgeuza sanduku tupu. Keshokutwa wanafungua.

Jumamosi, 11 Machi
Nimemwambia Kasongo aweke fonti. Akakaa kwenye kiti changu, vidole tayari, akauliza neno la siri. Nikatazama nyuzi. Nikamtajia: kasongomwizi, yote pamoja, herufi ndogo.
Aliandika polepole. Hakucheka hata. Heri angecheka.
Kuku akatokea. Tukafumua miraba, yeye upande ule wa meza, mimi huku. Fulana zake hakuzigusa leo. Nikadarizi upya.
Mama Noi kaja jioni. Akaipitishia kidole ile herufi, akatamka jina la mama yake taratibu. Halafu akainua aproni kwenye mwanga. Matundu ya sindano bado yapo, yameizunguka herufi kama fremu. Mimi nikainama kuokota nyuzi sakafuni.
"Ndiyo mtindo wa Vieux," Kasongo akasema.
Mama akatabasamu, akazikunja.
Kabla ya kufunga, nimempa Kasongo kiti abadili neno la siri. Ameandika. Sikuchungulia. Jumatatu atanifungulia.